Tarumbeta Kuukuu na Namna ya Kuijua Asili Yake

Katika Kiswahili neno tarumbeta limebebeshwa mzigo mkubwa. Twaita tarumbeta kila bomba la shaba linalopulizwa, likiwa refu au limekunjwa, likiwa na vifungo au halina, liwe la askari, la shule au la arusi. Maadamu chombo chalia, hapana hasara, kwani asikiaye ajua ni mlio gani. Lakini chombo kikisha kunyamaza, na mwenyewe akawa hayupo tena, jina hilo moja halitoshi kutuambia ni nini tulicho nacho mkononi.

Tuchukue mfano. Tuseme mzee mmoja wa Maramba, kule chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, amefariki, na warithi wake wakigawana vyombo wakuta uvunguni kitu cha shaba kilichopindwapindwa, chenye mabomba na vifungo, kimefanya kutu ya kijani. Mmoja asema, Hii ni tarumbeta ya Mdachi. Wa pili asema, La, hii ni ya beni. Wa tatu, ambaye ana haja ya fedha, asema ni shaba tu, na shaba huuzwa kwa uzito. Yamkini wote watatu wamesema kweli, na kwa sababu hiyo neno la yule wa tatu ndilo hushinda upesi.

Sisi twaona kwamba asifuatwe kwa haraka. Habari za ngoma ya beni, iliyochezwa katika miji yote ya Pwani, ziliandikwa kidogo sana na wale walioicheza. Maafisa wa serikali waliandika, lakini kwa jicho la kushuku, wakitaka kujua kama vyama vile ni vya fitina au vya mchezo. Hata kitabu kikubwa cha Terence Ranger juu ya beni kilitoka mwaka 1975, wakati wengi wa wachezaji wa kwanza walipokuwa wamekwisha kuzikwa. Vyombo vilivyosalia ni mashahidi, ila ushahidi wao umo katika shaba yenyewe, na yapasa mtu ajue kuusoma kabla hajaupeleka kwenye mizani.

Kwanza kabisa litazamwe tundu la kupulizia. Kama liko ubavuni mwa chombo, wala si mwishoni, basi hicho hakikutoka Ulaya, na warithi wetu wa Maramba na waketi chini, maana wameshika jambo kubwa kuliko walivyodhani. Siwa, pembe ya enzi ya Waswahili, hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Siwa zilizo mashuhuri kupita zote ni mbili: ile ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ambayo urefu wake wapita mita 2, na ile ya Lamu, iliyosubiwa kwa shaba na kutiwa nakshi. Wareno waliofika Malindi pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498 waliandika kwamba mfalme wa mji alikuja na wapigaji wa pembe mbili za ndovu, zenye urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Basi miaka mia nne kabla ya bendi ya Kizungu kupiga katika Tanga, Pwani hii ilikuwa na wapulizaji wake, wenye cheo chao na ada yao. Na si mbali na Maramba, ng'ambo ya mpaka karibu na Vanga, watawala wa Vumba nao walihesabu siwa miongoni mwa vitu vya utawala wao.

Shaba iliyosubiwa ni nzito na nene, na ukiigonga kwa ukucha hutoa sauti fupi. Tarumbeta ya Ulaya hufanywa kwa bamba jembamba lililozungushwa na kuungwa, na ukitazama kwa makini waweza kuona mstari wa maungio ukipita urefu wa bomba. Wala usichanganye na gunda, ambalo ni pembe ya mnyama, wala na zumari, ambayo hulia kwa ulimi wa jani. Katika tarumbeta ulimi ni midomo ya mpulizaji mwenyewe.

Kama tundu liko mwishoni, na bomba limekunjwa bila kifungo hata kimoja, hilo ni baragumu la askari. Baragumu la jeshi la Uingereza huwa na mwili wa shaba nyekundu, nalo limezungushiwa shaba ya manjano kwenye mdomo na maungio. Chombo hiki hakina sauti nyingi, tano au sita tu zitumikazo, na kila amri ina mlio wake. Udogo wa chombo usimdanganye mtu. Katika vita ya Tanga ya Novemba 1914, jeshi lililoletwa na Waingereza kutoka Bara Hindi lilishindwa na jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake walio wengi walikuwa Waafrika. Jioni ya tarehe 4, yasimuliwa katika vitabu vya vita hiyo, amri iliyopigwa kwa baragumu upande wa Wajerumani ilieleweka vibaya, na vikosi vikaondoka mjini kurudi kambini nje ya Tanga. Mji ukabaki karibu mtupu usiku ule, na Waingereza, wakiwa wamekwisha kukata tamaa na kurudi pwani, hawakuingia. Hivyo mji mzima ulikaa wazi kwa ajili ya kupotewa na maana ya sauti chache.

Sasa tuje kwenye vyombo vyenye vifungo, ambavyo ndivyo vinavyowatatiza watu zaidi. Bomba lisilo na vifungo haliwezi kupiga nyimbo zote, kwa kuwa sauti zake ni zile tu ambazo urefu wake waziruhusu. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya walitafuta njia ya kuurefusha na kuufupisha urefu huo kwa kidole. Mwaka 1818, huko Prussia, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipewa haki ya uvumbuzi wa vali, yaani mlango mdogo unaogeuza njia ya pumzi na kuipitisha katika bomba la ziada. Mwaka 1835 Joseph Riedl wa Vienna akapata haki ya vali inayozunguka, na mwaka 1839 François Périnet wa Paris akatengeneza pistoni ya namna ambayo yatumika hata leo. Tangu hapo Ulaya iligawanyika. Wajerumani na Waaustria walipenda vali za kuzunguka, na Waingereza na Wafaransa walipenda pistoni.

Tofauti hii mtu aweza kuijua hata gizani. Bonyeza kifungo: kikishuka wima ndani ya silinda ndefu na kurudi kwa springi, hiyo ni pistoni. Kikiwa ni kama ulimi wa chuma unaovuta mkono mdogo, na huo ukageuza kisahani cha mviringo pembeni, hiyo ni vali ya kuzunguka. Ukiikuta hiyo ya pili katika nchi ya Tanga, waza kwanza juu ya Wajerumani.

Twasema waza kwanza, hatusemi amua. Karakana za Markneukirchen katika Saxony, na za Graslitz upande wa pili wa mpaka, mji ambao leo ni Kraslice katika nchi ya Cheki, zilifanya vyombo vya kuuzwa dunia nzima, na mnunuzi aliyetaka pistoni alifanyiwa pistoni. Wenye maduka katika nchi nyingine walivinunua kwa jumla na kuchora majina yao wenyewe juu yake. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye kinywa cha tarumbeta mara nyingi ni jina la aliyeiuza, wala si la aliyeifua.

Umbo nalo lina neno la kusema. Tarumbeta halisi bomba lake hukaa na upana ule ule kwa sehemu kubwa ya urefu, kisha hufunguka ghafula karibu na kinywa, na mlio wake ni mkali. Katika jamaa ya pili bomba huendelea kupanuka tangu mwanzo, na mlio ni laini. Huko Ujerumani jamaa hiyo ilizaa vyombo vya umbo la yai, ambavyo mpigaji huvikumbata kifuani, na mwaka 1835 Wilhelm Wieprecht na Johann Moritz wa Berlin walitoa tuba ya besi. Huko Paris Adolphe Sax alipata haki ya jamaa yake ya vyombo mwaka 1845, na vyombo hivyo, vilivyosimama wima na kinywa kikitazama juu, viliingia katika bendi za Uingereza na kuenea pamoja na utawala wake. Basi chombo cha umbo la yai chenye vali za kuzunguka kina asili ya Kijerumani karibu kwa yakini. Chombo kilichosimama wima chenye pistoni tatu huenda kikawa cha Uingereza, au cha Ufaransa, au cha Bara Hindi. Watu husahau kwamba mji wa Meerut umekuwa ukifanya vyombo vya bendi kwa mfano wa Kiingereza tangu mwanzo wa karne ya 20, na biashara baina ya Bara Hindi na Pwani yetu haikuwa ya nguo na mchele peke yake.

Hapa ndipo mtu anapotamani kukisugua chombo kwa majivu na ndimu ili asome maandishi. Twamsihi asifanye hivyo. Maandishi ya kiwandani huchorwa kwa kina kidogo mno, na kila anayekisafisha chombo kwa nguvu huondoa unywele mmoja wa herufi. Atumie kitambaa laini na maji ya vuguvugu, kisha akitazame jua likiwa limeinama, asubuhi au alasiri, ili kivuli kikae ndani ya herufi. Atazame kinywa, kisha maungio, kisha silinda ya vali ya pili, maana huko hupigwa namba.

Akikuta herufi D.R.G.M., huo ni uandikishaji wa Kijerumani ulioanza mwaka 1891, na kwa hiyo chombo si cha zamani kuliko hapo. Akikuta maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba chombo kimefanywa Ujerumani, akumbuke sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliyolazimisha bidhaa za kigeni kuonyesha nchi zilikotoka; chombo kama hicho huenda kilikusudiwa soko la Waingereza, wala hakikuja na Mjerumani yeyote. Jina la Boosey & Co. peke yake laonyesha wakati wa kabla ya 1930, kwani katika mwaka huo kampuni hiyo iliungana na Hawkes. Na kama pistoni zina mabomba madogo ya ziada nyuma yake, hiyo ni kazi ya David Blaikley, aliyeipatia haki mwaka 1874, nayo husahihisha sauti pale pistoni zinapobonyezwa pamoja. Kwa vyombo vya kampuni hiyo namba ina faida kubwa, maana daftari nyingi za kiwanda zimehifadhiwa katika Horniman Museum huko London pamoja na mkusanyo wake wa vyombo, uliopokewa mwaka 2004. Mtu wa Maramba aliye na namba iliyosomeka aweza kuandika barua na kuuliza.

Iko alama nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni kimo cha sauti. Siku hizi mafundi wa muziki wamekubaliana kwamba sauti ya kupimia iwe na mitetemo 440 kwa sekunde. Zamani kila nchi ilikuwa na yake. Jeshi la Uingereza lilipiga kwa sauti ya juu yenye mitetemo yapata 452, na bendi za shaba za raia katika Uingereza zilikaa nayo mpaka miaka ya 1960. Tofauti hiyo yakaribia nusu ya hatua iliyopo baina ya kibao kimoja cha kinanda na kile kinachokifuata. Kwa hiyo tarumbeta kuukuu ikikataa kupatana na wenzake, hata bomba lake la kupatanishia likivutwa lote nje, haina ubovu wowote. Imezaliwa katika kipimo kingine. Vyombo vizuri vimetupwa kwa kosa hilo.

Tumekisoma chombo, sasa tuulize kilifikaje. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alikuwa na bendi yake, na Wagoa walikuwa miongoni mwa wapigaji. Mombasa, Wamisheni wa Kianglikana katika makazi ya Freretown waliwafundisha vyombo vya shaba watu waliotolewa utumwani. Tanga nako, shule ya serikali ya Kijerumani, ile iliyokuwa ikichapa gazeti la Kiongozi, ilikuwa na bendi ya wanafunzi. Vijana wale walijifunza kusoma nota pamoja na hesabu na kuandika, wakapiga katika sikukuu za serikali. Walipomaliza shule wakawa makarani na walimu, wakatawanyika katika maboma ya nchi nzima, na ujuzi wa vidole wakaenda nao.

Hapo ndipo pana kiini cha habari hii. Serikali ilidhani imefundisha bendi, na watu wakatoa beni. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20 vijana wa Mombasa na Lamu, kisha wa Tanga, Dar es Salaam na miji mingine, walifanya vyama vya ngoma vyenye sare, gwaride na vyeo vya kijeshi, vikishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Upande wa Tanganyika majina makubwa yalikuwa mawili, Marini na Arinoti. Marini wakijihesabu watu wa daraja, na Arinoti wakiwakusanya zaidi wafanyakazi na wapagazi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi kabla ya vita, pamoja na mashamba ya mkonge, ilileta watu wa makabila mengi katika nchi hii, na mgeni aliyeingia katika chama cha beni alipata ndugu wa kumwuguza na wa kumzika. Vita ya 1914 ikaitawanya ngoma hiyo mbali zaidi, kwa askari na wapagazi wa pande zote mbili, hata Nyasaland. Huko, katika ngoma za mganda na malipenga, ambako vyombo vya shaba havikupatikana, watu walitengeneza vibuyu vya kuimbia, vyenye utando unaovuma, wakavipa umbo la tarumbeta. Twapenda sana jambo hili: sauti ilifika hata pale chombo kilipokosekana.

Waingereza waliitwaa Tanga Julai 1916. Baada ya hapo vyombo vya pistoni vilikuja kwa bendi za K.A.R., za polisi na za misheni, na vile vya vali za kuzunguka vikawa yatima, maana springi na vipuri vyake havikuletwa tena kwa urahisi. Ndiyo sababu chombo cha Kijerumani kilichosalia karibu kila mara kimetengenezwa na fundi wa huku, na sasa twafika kwenye alama ambayo wenye kununua vitu vya kale huidharau, nasi twaitukuza kuliko zote, yaani kiraka.

Mnunuzi wa Ulaya akiona kiraka hupunguza bei. Sisi twasema akitazame tena. Muhuri watuambia chombo kilizaliwa wapi, na kiraka chatuambia kililelewa na nani. Fundi aliyeziba ufa kwa bati na risasi, aliyebadili springi ya saa ikawa springi ya vali, aliyefunga kizibo kwa waya wa simu, huyo alikuwa na mtu mlangoni akimngoja, na arusi ya jioni isiyongoja. Unguja hata leo beni ya arusi huitwa mbwa kachoka, na vyombo vyake vilivyochakaa ni sehemu ya ucheshi wake; huanza kwa gwaride na kuishia kwa watu wote kuimba barabarani. Tazama pia mahali shaba ilipolika kwa jasho la mkono. Ikiwa imelika mpaka rangi imegeuka, chombo hicho hakikuwa pambo la ukutani, kilifanya kazi miaka mingi.

Basi warithi wetu wa Maramba wafanyeje? Wasikisugue, wala wasikitie rangi, wala wasilazimishe vali zilizoganda. Tone la mafuta mepesi na subira ya siku mbili hufanya kazi kuliko koleo. Wapige picha za pande zote, na za viraka. Wakiwa hawana mahali pa kukitunza, wakionyeshe katika makumbusho ya Urithi yaliyomo katika Boma la zamani la Tanga. Wawaulize wazee maadam wapo: marehemu alipiga chama gani, nani alimfundisha, wapinzani wao walikuwa nani. Wasiache kuwauliza wanawake, kwa kuwa vyama vya lelemama vilishindana kwa namna moja na beni, na mara nyingi waimbaji hukumbuka majina ambayo wapigaji wamesahau. Majibu yaandikwe kwa penseli katika karatasi, pamoja na jina la marehemu, la kijiji na la aliyesimulia, na karatasi hiyo ifungwe kwa uzi kwenye bomba, isigundishwe kwa gundi.